SINDANO YA BABA MDOGO NA MDOMO WANGU

Wiki iliyopita nilikuwa Katumba, kule Mpanda, kwa baba mdogo. Mzee ana kisukari, kila siku lazima ajichome insulini tumboni. Chupa anaitunza kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji, maana friji hana.

Basi mtoto wa mjini nikataka kujionyesha. "Baba mdogo, sindano zimepitwa na wakati! Siku hizi Wazungu wanapitisha dawa kwenye ngozi kwa ultrasaundi." Akacheka, tukaenda kulala.

Asubuhi namkuta kibarazani, midomo imemkauka, anamalizia jagi la pili la maji. Mama mdogo kanikazia macho: "Mwanangu, umemwambia nini baba yako? Jana usiku kagoma kuchoma, leo kagoma. Anataka apelekwe mjini akapimwe na ile mashine ya wajawazito, apone."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Ikabidi nijieleze upya. Jambo lenyewe si uongo. Mwaka 1995 kina Samir Mitragotri na Robert Langer, wa chuo cha MIT huko Marekani, walipitisha insulini kwenye ngozi ya binadamu maabara, halafu kwa panya wenye kisukari, na sukari yao ikashuka. Ujanja uko hivi: sauti inatikisa maji yaliyo juu ya ngozi, vinatokea vipovu, vinapasuka, na lile tabaka gumu la juu linalegea. Dawa inapata upenyo. Ila hiyo ni sauti nzito, mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Ya wajawazito ni mamilioni, kazi yake picha tu, na ile jeli wanayopaka wala si dawa!

Mwaka 2004 Marekani waliruhusu kifaa cha namna hiyo, lakini cha kusaidia dawa ya ganzi. Insulini bado ni sindano. (Kuimeza nayo usijaribu, tumbo linaisaga kama maharage.)

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo panya wamepata, mimi bado?"

"Ndiyo, baba."

Akapandisha shati, akaagiza aletewe chungu. Alipomaliza tukapakizana kwenye bodaboda kwenda zahanati kupima sukari. Njia nzima hakunisemesha.