Tufyeke, Tusing'oe



Mvua inaporudi mwezi wa Septemba, miteremko ya Kadutu na Bagira hufunikwa na majani upesi. Kati yake huota kishona-nguo, mmea wa jamii ya alizeti, ambao mbegu zake nyeusi hung'ang'ania suruali na vitenge vya wapita njia. Siku ya salongo, hicho ndicho adui wetu wa kwanza. Tunaking'oa kwa jembe mpaka udongo ubaki mtupu, kisha twasema: pamekuwa safi.

Usafi wa namna hiyo, kwa maoni yangu, ni hasara.

Kishona-nguo, chenye asili ya Amerika, huota, huchanua, huzaa na kufa ndani ya miezi michache. Ndugu zake wa nchi kavu ya Namaqualand, Afrika Kusini, huishi vivyo hivyo: husubiri mvua wakiwa mbegu, kisha hufunika ardhi kwa maua. Katika muda huo mfupi, majani hupunguza kishindo cha matone, na mizizi hushika udongo wa juu. Tukiling'oa vazi hilo wakati wa mvua, udongo huteremka mitaroni, ukaelekea Kawa na Ziwa Kivu. Mtaro ukiziba, maji hutafuta njia milangoni mwa watu. Aliyesafisha yuko juu. Anayeteseka yuko chini. Je, hiyo si haki ya jirani tunayoivunja bila kukusudia?

Mkulima atasema kwamba mmea huu hunyang'anya maharagwe chakula. Ni kweli, shambani na ang'olewe. Wala tusidanganyane: mizizi yake mifupi haizuii mlima kuporomoka. Kwa hilo twahitaji miti, mitaro imara, na ujasiri wa kutojenga penye hatari.

Basi salongo ijayo, tugawe kazi kwa busara. Mitaroni tuzoe kila kitu. Kwenye miteremko tufyeke kwa panga kabla mbegu hazijakomaa, tuache mizizi ardhini na majani yaliyokatwa juu yake. Kisha, kidogo kidogo, tupande nyasi zenye mizizi mirefu zichukue nafasi hiyo. Na kabla ya kuinua jembe, mmoja wetu ashuke, awaulize walio chini maji hupita wapi.