Mama wa Nyumbani Naye Ana Historia

Afapo mtu mwenye cheo, sifa zake hujaa magazetini. Afapo bibi kizee wa shamba, aghalabu twaambiwa neno moja tu: alikuwa mama wa nyumbani. Neno hilo ni dogo mno kwa kazi iliyo chini yake.

Nasema haya nikimkumbuka bibi mmoja Mlutheri wa Machame, Kilimanjaro, ambako wamisheni wa Leipzig walifika mwaka 1893. Nilipanga chumba kwake nilipokuwa nikifanya kazi upande ule, mimi kijana wa Mombasa.

Asubuhi aliteremka tambarare kukata majani ya ng'ombe, akapanda mlima na mzigo kichwani. Samadi ya ng'ombe hao ndiyo iliyostawisha kihamba chao, migomba juu, mibuni chini ya kivuli chake. Kahawa ilipouzwa ushirikani, fedha zilitoka kwa jina la mumewe. Lake yeye lilikuwa soko la ndizi, na humo ndimo ilimotoka chumvi, sabuni na ada ya shule. Jumapili alipeleka kanisani mkungu au mayai, vikanadiwa baada ya ibada, fedha zikawa sadaka.

Nami Mwislamu alinitunza kwa heshima. Kuku wangu hakumchinja yeye. Alimwita jirani Mwislamu. Mtori wangu aliupika katika sufuria ya peke yake, na Ramadhani uji ulikuwa tayari kabla jua halijatua. Hakunihubiria hata siku moja. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Alizikwa papo hapo kihambani, katika ardhi aliyoihudumia maisha yake yote, ambayo kwa mila ya Wachaga hurithiwa na wana wa kiume.

Je, sisi wa pwani tumewatendea mama zetu vyema zaidi? Dini yetu imewawekea fungu katika mirathi, lakini wapo ndugu wanaolizuia. Na mama aliyesuka makuti na kuuza mahamri hata wanawe wakasoma, twasema hakuwa na kazi!

Mwenye mama au nyanya aliye hai na akae naye leo, amwulize alivyoishi, ayaandike. Na iwapo ana haki yake mikononi mwetu, tumpe angali hai. Sifa za makaburini hazimfai.