Ukimuita Machinga Kwenye Foleni, Hela Iwe Mkononi

Zile klipu mmeziona. Staa yuko ndani ya gari kali, AC inapuliza, anashusha kioo kidogo, anamuita muuza maji, anapokea chupa, mara foleni inaachiwa. Gari inaondoka, jamaa anakimbia nyuma na ndala zake, simu inaendelea kurekodi na watu humo ndani wanacheka mpaka basi. Na sisi huku tunacheka, tunasambaza. Majina tuyaache, maana hata tusio mastaa tunafanya hivyohivyo, sema tu haturekodi.

Yaani mtu anakimbiza jero. Mia tano! Faida yake kwenye chupa moja ni sarafu tu, kwa hiyo akiiacha iende, itabidi auze chupa kadhaa nyingine ndo airudishe. Lazima akimbie. Na akikimbia, macho yako kwenye namba ya gari yako, hayako kwenye bodaboda inayopenya katikati ya mistari.

Hapo kwenye bodaboda ndo penyewe. Magari yakiwa yamesimama, tatizo liko kwenye kile kinjia cha katikati. Kwa machinga hicho kinjia ni duka. Kwa bodaboda ni barabara, tena ya haraka. Sasa weka hapo mtu aliyebeba kioo cha ukutani au meza ya kupigia pasi begani, upande mmoja haoni kitu kabisa. Barabara ya Morogoro ndo balaa zaidi, kwa sababu tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yana njia yake katikati. Kwako foleni imelala, ubavuni kwako basi linakuja limenyooka. Machinga akirudi nyuma hatua mbili kutafuta chenji, kashaingia njia ya basi.

Najua kuna watakaosema, si waondoke tu barabarani? Hiyo naisikia sana, hasa kwa walewale wanaoshusha vioo. Vitambulisho vya 20,000 vilianza kutolewa Desemba 2018. 2021 wakaondolewa pembezoni mwa barabara, wakapelekwa maeneo yaliyotengwa. Sawa, mwenye meza alipata pa kuiweka. Ila anayeuza korosho, waipa na chaja za gari, mteja wake yuko wapi? Hakuna mtu anayepaki gari akaingia sokoni kutafuta maji baridi ya jero. Daraja la juu la Tazara lilifunguliwa 2018, la Ubungo 2021, na machinga wa kwenye foleni bado wapo: foleni ikihama, nao wanahama. Tunawaita wenyewe kwa honi na "oya, maji!", halafu tunawalaumu wakija.

Kuna kingine sioni kikisemwa. Machinga mzoefu anazisoma taa. Zile zinazohesabu sekunde ndo kabisa, akiona zimebaki tano anajitoa. Lakini trafiki akiziacha taa na kuongoza kwa mkono, nani anajua mtaachiwa saa ngapi? Mnakaa weee, mpaka mtu anazima injini, ghafla mkono umepungwa na magari yote yanataka kutoka kwa pamoja. Huyu bado kaingiza mkono dirishani kwako. Kama jiji linataka kumsaidia kweli lianzie hapo, kabla ya kumtuma mgambo akamkimbize katikati ya magari, jambo ambalo mimi naliona ni wazimu mtupu. Na usiku wapewe zile reflekta wanazovaa bodaboda, sio kitu cha bei.

Sisi wenye vioo je? Uliza bei kabla hujashika bidhaa. Kama una msimbazi na unataka maji ya jero, vumilia kiu, maana chenji ya elfu tisa na mia tano haihesabiki kwenye foleni inayosogea. Lipa namba poa, ila sio wakati gari ya mbele imeshaanza kutembea, kwa sababu lazima asubiri meseji iingie. Ukiwa mstari wa kushoto, mwache abiria wako anunue upande wa pembezoni. Na ikitokea umepitiliza na hela yake, washa indiketa, paki mbele panapofaa, mngoje. Atafika tu, namba ya gari yako kashaikariri.