PANCHA SI UZEMBE WA TARISHI



Tumechoka kusikia neno moja kila mwisho wa mwezi: uzembe! Tarishi wa skuta akipata pancha njiani, tajiri husema ni uzembe, na fedha za fundi hukatwa katika mshahara. Mwenzetu mmoja alikatwa mara tatu kwa mwezi mmoja, na kila mara gurudumu lilikuwa lile lile la nyuma. Karani aliyeandika makato hakuinama hata siku moja kulitazama.

Sisi tuliinama. Tulijaza tyubu upepo, tukaizamisha katika karai la maji. Mapovu yakatoka upande wa ndani, ule unaolalia rimu. Msumari wa barabarani haupigi upande huo. Tukapitisha kitambaa katika rimu, kikanaswa na kutu iliyokatika kama meno ya msumeno. Je, kutu ile ililetwa na tarishi?

Ndugu, tyubu husema kweli kuliko karani. Kabla ya kutoa tairi, tieni alama ya chaki mahali valvu ilipo, mpate kulinganisha tundu na tairi na rimu. Tundu moja upande wa nje ni msumari au mwiba. Utafuteni ndani ya tairi, maana ukibaki humo pancha itarudi kesho. Matundu mawili yaliyokaribiana ni tyubu iliyobanwa na rimu kwenye ukingo wa shimo, kwa kuwa upepo ulikuwa haba au mzigo ulizidi. Valvu ikichanika shinani, mara nyingi tairi limeteleza juu ya rimu kwa kukosa upepo. Tairi lisilo na tyubu lipakeni maji ya sabuni kando ya rimu na juu ya valvu.

Tajiri atasema: basi upepo ukiwa haba, lawama ni yenu. Hatukatai kazi ya kupima upepo asubuhi, kabla tairi halijapata moto. Lakini kipimo kiko wapi? Katika yadi yetu pampu ni moja, nayo imevunjika. Tunabonyeza tairi kwa dole gumba kama mtu anayenunua parachichi! Gurudumu la skuta ni dogo, hutumbukia katika shimo ambalo pikipiki kubwa hulipita, na juu yake tunapakiwa mizigo mpaka tairi linalala. Tena tairi lenyewe ni kipara. La mbele likipasuka katikati ya malori, si fedha ya fundi tutakayoizungumza, ni mazishi.

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi! Nani atatoboa tairi kwa makusudi, kisha asukume skuta na mizigo yake juani Enterprise Road?

Basi msitie sahihi karatasi ya makato kabla tundu halijaonekana. Tyubu iliyotolewa msimwachie fundi. Andikeni tarehe, nambari ya skuta na gurudumu lipi, mkampe mjumbe wa chama. Ile ya mwenzetu tunayo. Meneja ameombwa mara mbili aje aitazame, na bado tunamngoja.