MUME WANGU ATAKA KUPANDIKIZWA NYWELE

Nina miaka 38, mume wangu ana 44, na Mungu ametujalia watoto watatu. Upara ulimwanza miaka minane iliyopita, nami nilizoea kumtania mbele ya watoto. Sasa nimegundua kwamba anataka kwenda Istanbul, Uturuki, kupandikizwa nywele kwa fedha tulizoweka za kuezeka nyumba. Nilipomwuliza alinyamaza, kisha akasema, "Wewe na wanao mmenicheka vya kutosha." Je, ni dhambi? Nimkatalie?
Mama wa watoto watatu, Morogoro

Kabla ya upasuaji, tuanze na hayo maneno ya mumeo. Wewe ulidhani ni utani, kumbe mwenzako alikuwa anaumia. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini msamaha huombwa. Mwombe radhi mkiwa wawili, kisha uwakataze watoto mbele yake. Usilifanye jambo hili ili abadili nia, bali kwa sababu ulimkosea.

Je, ni dhambi? Sheria ya Musa, katika Mambo ya Walawi 13, inamhesabu mwenye upara kuwa ni mtu safi. Nabii Elisha naye alikuwa na upara, na vijana wa Betheli waliomdhihaki hawakusifiwa. Wala sijaona Maandiko yanayomkataza mtu kutibiwa. Swali lenu ni la hekima na uwakili wa mali.

Upara wa namna hii hausababishwi na kofia wala uchawi. Mtu huurithi upande wa baba au wa mama, na homoni ya kiume huzidhoofisha nywele za mbele na utosini. Nywele za kisogoni haziguswi sana. Ndiyo maana Dk. Norman Orentreich wa New York, mwaka 1952, alianza kuzihamishia mbele, akaona zinaendelea kuota. Siku hizi daktari hukata ukanda wa ngozi ya kisogo na kushona, au huchomoa shina moja moja. Mgonjwa hupigwa ganzi tu, na kazi huchukua saa nyingi.

Mumeo ajue mambo haya. Nywele zilizopandikizwa nyingi hudondoka katika wiki za kwanza, huanza kuota tena baada ya miezi mitatu au minne, na matokeo kamili huonekana baada ya mwaka hivi. Upasuaji hauzuii upara kuendelea kwa nywele zilizobaki. Na akiba ya kisogoni ina mwisho, ikichezewa hairudi.

Sisi Waafrika tuna tahadhari zaidi. Nywele zetu za kipilipili hujipinda hata chini ya ngozi, hivyo daktari asiyezizoea huzikata anapozichomoa. Tena wengi wetu tuna ngozi inayoota makovu makubwa. Mtazame mumeo: je, kovu la chanjo au la jeraha la zamani limevimba? Je, hutokwa na vipele vigumu kisogoni akishanyolewa? Kama ndiyo, upasuaji unaweza kumwachia makovu mabaya kuliko upara wenyewe.

Dawa zipo. Minoksidili hupakwa kichwani. Finasteridi ni vidonge. Zote husaidia baadhi ya watu, na ukiacha, faida hupotea. Finasteridi huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa baadhi ya wanaume. Na mama mjamzito asishike kidonge chake kilichovunjika, kwani chaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Asinunue bila daktari.

Basi fanyeni hivi. Nendeni pamoja kwa daktari wa ngozi hapa nchini kabla ya kuzungumza na wakala yeyote. Pale KCMC, Moshi, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Mkitoka hapo, mumeo aiulize hospitali ya huko: Nani atakayeshika kisu, daktari mwenyewe au msaidizi? Amewahi kuwafanyia wangapi wenye nywele kama zangu? Nikirudi nyumbani kidonda kikaoza, nani atanitibu? Akijibiwa kwa bei tu, aachane nao.

Fedha za bati zibaki kuwa za bati, kwani mvua hainyeshei upara wa baba peke yake. Huwanyeshea na watoto. Lakini usimwambie hivyo kwa kejeli. Mwambie, "Tuezeke kwanza, kisha tufungue akiba nyingine kwa ajili yako." Na uitie kweli, hata kama ni kidogo kidogo. Mwaka ukipita naye bado anataka, na daktari ameridhika, usimzuie. Kichwa ni chake. Huenda pia akaamua kunyoa zote akatulia. Mwache aamue mwenyewe, usimharakishe.

Nanyi akina mama wengine mnaosoma, jiulizeni leo: ni kitu gani cha mumeo ambacho nyumba nzima hukicheka, na yeye hucheka pamoja nanyi? Si kila anayecheka amefurahi.

Mungu aibariki nyumba yako, mwanangu.