Alama nyekundu ya mtoto si kosa la mama



Juma lililopita, siku ya kupima kilo, tulikuta mama kijana amefunika uso wa mtoto wake kwa kitenge. Mtoto ana miezi miwili. Alizaliwa na ngozi safi, kisha doa dogo jekundu likatokea juu ya jicho. Sasa limevimba kama nyanya ndogo. Mama mkwe anasema alikula vibaya wakati wa mimba. Jirani anashauri doa likatwe kwa wembe.

Tulimwambia: hapana, wembe usiguse hapo.

Uvimbe huo unaitwa hemanjioma. Si kansa, wala si mkosi. Ni mishipa midogo ya damu iliyoongezeka kupita kiasi. Hupata watoto 4 au 5 hivi kati ya 100, wasichana kuliko wavulana, na zaidi wale waliozaliwa mbele ya wakati au na uzito mdogo.

Kwa nini hukua? Mwili una vichocheo vya ukuaji. Ni kama wajumbe wanaoamuru mishipa: ongezekeni! Mmoja wao huitwa VEGF. Katika miezi ya kwanza wajumbe hao ni wengi ndani ya uvimbe. Estrojeni, homoni ya kike, inashukiwa kuwaongezea nguvu. Wajumbe wakipungua, uvimbe nao husimama. Kwa kawaida hukua sana mpaka mwezi wa tano hivi, halafu hufifia polepole kwa miaka kadhaa. Hakuna chakula cha mama kinachouleta. Tuendelee kunyonyesha.

Basi tungoje tu? Uvimbe mdogo mgongoni au mkononi, mara nyingi ndiyo, huku munganga akiuangalia. Lakini tusingoje ukiwa karibu na jicho, puani, mdomoni au kidevuni, ukitoa kidonda, mtoto akipumua kwa shida, au madoa yakifika matano. Jicho la mtoto hujifunza kuona katika miezi hiyo hiyo. Likizibwa, linaweza kupoteza nguvu ya kuona.

Dawa ipo. Mwaka 2008, huko Bordeaux, Ufaransa, munganga Christine Léauté-Labrèze na wenzake walitangaza kwamba propranololi, dawa ya moyo, hupunguza uvimbe huu. Dawa hiyo huzuia kazi ya adrenalini, ambayo nayo ni homoni. Lakini tusiinunue wenyewe kwenye famasi! Inaweza kushusha sukari ya damu na kupunguza mapigo ya moyo. Munganga ndiye anayepima kipimo, na mtoto lazima anyonye vizuri kila anapoipewa.

Yule mama tulimsindikiza hospitali siku ileile. Njiani aliondoa kitenge usoni mwa mtoto.

Wamama, katika mkutano wa kikundi chenu, ulizeni: nani anaficha mtoto wake nyumbani kwa sababu ya doa? Mwendeeni, bila kumlaumu.

Mpaka juma lijalo.