Njama ya Bei Haivunjwi kwa Kitako cha Bunduki

Wako wanaodhani kwamba maduka mawili yakiuza sukari kwa bei moja, basi wenyewe wamekwisha kula njama. La hasha! Kila muuzaji humchungulia jirani yake. Huyu akipunguza, yule naye hupunguza. Huo ndio ushindani. Uhalifu huanza pale wauzaji wanapokutana faraghani na kuahidiana kwamba hakuna atakayepunguza.

Mfano tunao kutoka ng'ambo. Kati ya miaka ya 1992 na 1995, makampuni ya Marekani, Japani na Korea yaliyotengeneza lisini, kirutubisho cha chakula cha mifugo, yalipatana kupandisha bei, kisha yakagawana tani ambazo kila moja ingeuza. Kwa nini wagawane tani? Kwa sababu hawakuaminiana. Bei ikipanda, kila mmoja hutamani kuwanyang'anya wenzake wateja kwa kupunguza kidogo kwa siri. Mkubwa mmoja wa kampuni ya ADM akawasaidia wapelelezi wa FBI kunasa mikutano hiyo kwenye kanda. Humo ilisikika kauli kwamba mshindani ni rafiki, na mteja ndiye adui. Mwaka 1996 ADM ilitozwa faini ya dola milioni 100 kwa njama ya lisini na nyingine ya asidi ya sitriki.

Sisi tuliovaa sare tunajifunza nini? Kwamba umoja wa walanguzi una ufa ndani yake, na ufa huo hupanuliwa kwa ushahidi, si kwa vitisho. Hapa Uganda, katika miaka ya 1970, bei za amri na mabavu dukani havikumfaa mwananchi: sukari na sabuni ziliadimika, magendo yakashamiri.

Leo nchi yetu inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2023. Lakini sheria haina macho wala masikio; macho na masikio yake ni watu. Karani wa ghala akija kituoni na habari za mapatano ya siri, asikaripiwe, wala jina lake lisifike kwa tajiri wake. Yaandikwe mahali, tarehe na maneno yaliyosemwa, kisha yafikishwe kwa wapelelezi. Anayemsaliti shahidi huyo kwa bahasha ya mfanyabiashara ajue kwamba mshahara wake mwenyewe, na wa kila askari mwenziwe, utaliwa katika duka lile lile.